Trekta la Mjomba Shee na Fundi wa Adhuhuri

Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, mchana mweupe, bila homa wala usingizi. Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Vita vilikuwa vimekwisha. Changamwe palikuwa na uwanja uliojaa vyombo vya jeshi vilivyokuwa vikiuzwa: malori, mahema, mapipa, na matrekta mawili. Mjomba Shee, ndugu ya mama yangu, alikwenda na kamba aliyoipima shambani kwake Kisauni, baina ya safu na safu ya minazi. Akalipima trekta kubwa la magurudumu ya chuma, akatikisa kichwa. Halitapita. Akalipima lile dogo la tairi za mpira, akalipigapiga ubavuni kama mtu na punda wake.

"Hili hapa, mwanangu," akaniambia. "Halili, halizai, halitaki kibanda."

Mwenye kibanda alikuwa Mama Kadzo, bibi wa Kigiriama aliyelima shamba lile kwa jembe tangu Mjomba hajaota ndevu. Wiki ile ile Mjomba alimfukuza. Aliondoka na kuku wake kapuni, lakini kigango cha baba yake akakiacha. Unakijua kigango? Ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha mviringo na nakshi kifuani, ambao Wagiriama huwasimikia wazee wao waliokufa. Kikishasimikwa hakihamishwi, hata ukoo mzima ukihama.

"Nakuomba hilo moja tu, bwana," alisema. "Ukilima, pita kando yake."

"Inshallah," Mjomba akajibu, huku akitazama pengine.

Lori lilipoleta trekta, hapakuwa na mbao za kuliteremshia. Mjomba akauchukua mlango wa kibanda, akauegemeza kwenye lori. Ukabaki upande wa pili bila ubao. Akaenda akaking'oa kigango, akakilaza chali. Tairi likapita juu ya uso wake toka kidevuni hata utosini. Nilisikia mti ukilia, na wallahi haukuwa mlio wa mti.

Kesho yake adhuhuri akaja mtu. Usiniulize kama alikuwa na kivuli. Saa ile, jua likiwa utosini, nani huku pwani ana kivuli?

"Hodi. Nasikia mna trekta. Mimi ni fundi."

Alikuwa mwembamba, mwembamba mno. Akinielekea namwona, akigeuka ubavu nampoteza. Na usoni, niamini, toka kidevuni hata utosini, alikuwa na michirizi ya tairi.

Mjomba hakuona kitu. Alifurahi kupata fundi. Yule mtu akayasogeza magurudumu ya nyuma yakaribiane ili trekta lipite minazini bila kuichubua, na nati akazikaza kwa vidole, bila spana. Kisha akafika kwenye plau, lile jembe la chuma linalokokotwa nyuma ya trekta.

"Udongo wa hapa ni mchache," alisema. "Chini yake ni jiwe la matumbawe. Watu hulima juu juu. Wewe wataka lizame kiasi gani?"

"Mpaka chini! Mizizi yote ya yule bibi itoke."

"Yote?"

"Yote, fundi. Waogopa nini, kwani jiwe litakuuma?"

Fundi akacheka. Kifua kilitikisika, midomo haikufunguka. Nilitaka kusema, Mjomba, liache. Wewe ungeweza?

Mjomba akazungusha hendeli, injini ikashika, akapanda. Majirani walisimama uani kutazama, naye akawapigia kelele, "Mwaona? Jembe limekufa leo! Lizikeni!" Wakacheka pamoja naye. Ardhi ilifunguka nyuma yake, nyekundu, laini, nzuri ajabu.

Alipofika pale kigango kilipokuwa kimesimama, plau likanasa jiweni. Likagoma. Injini haikugoma. Trekta likainua pua, likasimama kwa magurudumu ya nyuma, kisha likamwangukia yeye, chali.

Nilipofika mbio, fundi alikuwa amekwisha inama. Hakuwa akimwokoa. Alikuwa akimnyoosha miguu, taratibu, kama anyooshwavyo maiti. Halafu akageuka ubavu, nami sikumwona tena.

Mjomba hakufa, na laiti angekufa. Tangu siku ile hakuna kiungo chake kinachokunjika, si shingo, si kiwiko, si goti. Hospitali walishindwa, waganga walishindwa. Hawezi kuketi. Tunamlaza, au tunamsimamisha na kumwegemeza ukutani, na siafu humpanda yeye akilia bila kuweza kujipangusa.

Mkewe alimfuata Mama Kadzo kwa jamaa zake Bamburi, akampigia magoti: "Mama, tusamehe, njoo ukirudishe kigango chako."

Bibi akaja. Kigango hakukigusa. "Kikishang'olewa hakirudi," alisema. Akamwendea Mjomba pale ukutani, akampangusa vumbi la paji la uso.

"Shikamoo, baba," akamwambia.

Na Mjomba, kwa sauti ambayo haikuwa yake, akaitika, "Marahaba, mwanangu."

Mama Kadzo akammiminia tembo la mnazi miguuni, kama kimiminiwavyo kigango, Mjomba huyo Mwislamu, mwana wa watu wa msikitini, kisha akamtajia wajukuu waliozaliwa, mmoja mmoja. Mpaka leo huja. Hatumzuii, kwa kuwa akishamimina siafu huondoka.

Nawe unayetaka mashine ya shambani, pima minazi yako, chagua tairi utakazo. Lakini siku ya kuiteremsha, tazama vizuri unaikanyagisha nini. Ukikosa ubao, iache juu ya lori, hata ioze huko huko.