Kamba ya Mafundo Matatu

Kila Jumamosi mama mshonaji huja kwenye uwanja wa kuuzia vyumba vidogo vya mbao, vya kuunganishwa bustanini mwa mnunuzi, akavua viatu mlangoni mwa chumba cha maonyesho, akatandaza sakafuni kamba ya kupimia yenye mafundo matatu, kila moja likionyesha nafasi ya kitu kimoja: la kitanda cha mumewe mgonjwa, la kiti cha magurudumu cha mumewe, na la cherehani. Muuzaji humshikia ncha. "Na mlango uwe mpana, mwanangu," mama husema, "kiti kipite." Wiki iliyopita alilifungua fundo la kiti kwa meno. "Mzee haketi tena." Leo kamba imekuja na fundo moja tu, la cherehani. Muuzaji akaishika ncha, asijue pa kutazama. "Pole sana, mama." Mama akapima pale dirishani, taratibu, akainuka. "Chumba hiki kidogo kitanitosha," akasema. "Ila mlango uwe uleule mpana."