Utando Nilioupeleka Kiritiri

Mama mkwe wangu, Mama Njoki, alikuwa ameamua kukata miembe yake kule Kiritiri achome makaa. Kila msimu maembe yalimwozea kabla lori la mnunuzi kufika, naye alikuwa amechoka. Nilimwomba aningoje mavuno haya tu. Miembe ile ndiyo iliyomsomesha mume wangu, kuikata kungeniuma.

Alfajiri, Meru. Mimi ni fundi wa maabara chuoni. Kwa ndizi mbivu za soko la Gakoromone, bakteria tuliowafuga walikuwa wamefuma utando mweupe juu ya maji ya ndizi, wenye nyuzi nyembamba kupita uwezo wa macho. Ukisagwa na kupakwa embe, hukauka ukawa kama ganda la pili, embe likachelewa kuiva. Nilifunika mtungi wenye utando huo kwa kitambaa, maana bakteria hao wanataka hewa, nikaupakata hadi Embu.

Kutoka Embu barabara huteremka na joto hupanda. Niliufunga mtungi kwa leso iliyolowa, na kila ilipokauka nikailowesha tena.

Kiritiri, jioni. Mama alinipokea kwa uji mchachu wa mtama. Nilikunywa, nikalala fofofo.

Asubuhi nilikuta kuku wakigombania kitu cheupe uani. Mama alinieleza kwa upole kwamba maji yangu yaliota ukungu njiani, akafanya kama afanyavyo uji ukilala sana: akautoa, akayachuja maji, akayafunika tena. Nilikasirika, lakini nani humfokea mama mkwe? Nikamwambia huo ukungu ndio uliokuwa mzigo wenyewe. Akaitazama miembe.

"Sasa tukate?"

"Hapana, Mama. Bakteria bado wako kwa hayo maji. Nipatie maembe zile zimeanguka."

Nikaomba ruhusa kazini, nikabaki. Tulichemsha maji ya maembe, yalipopoa tukayachanganya na yale yaliyochujwa, tukangoja siku kadhaa. Utando mpya ulipokomaa tuliuchemsha kwa magadi, tukausuuza, tukausaga ukalainika. Tukachuma maembe, mengine tukayapaka, mengine tukayaacha. Lori lilichelewa, kama kawaida yake. Yaliyoachwa yalikuwa yamebonyea. Yaliyopakwa mnunuzi aliyaminya, akaridhika, akayapakia yote.

Siku ya kurudi Meru, shoka la kukatia miembe lilikuwa limerudi ghalani. Nimejifunza kueleza mzigo wangu kabla ya kuutua. Mama aliniomba nimwachie mtungi, utando mwingine ukiwa umeanza kuota ndani, nami nilipoinama kuutazama kwa mara ya mwisho, akanishika mkono.

"Ile ya kwanza nilipea kuku," alisema. "Hii hata wewe usiguze."