Nimelifufua faili la marehemu kaka, na chumba cha mama hakimo

Admin, jina langu nisitirie, mji waache wausome. Niko Sumbawanga. Najua mmeshaanza kucheka huko na kuandika mambo ya ungo kwenye komenti. Chekeni tu, tumeshazoea. Hiki kinachoninyima usingizi hakitaki mganga, kiko kwenye laptop.

Nina miaka thelathini na moja, nachora ramani za nyumba kwenye kiofisi changu hapa Mazwi. Kazi hii nilifundishwa na kaka yangu, na tulizaliwa wawili tu. Mkono wake ulikuwa mzuri, ila alikuwa mtu wa kununa. Akikasirika hasemi, anakwenda kufungua kompyuta. Mama yetu anaishi Laela. Aliuza shamba lake la mahindi ili kaka apate kiwanja kule Izia, wakakubaliana nyumba ikisimama naye awe na chumba chake upande wa mawio, maana baridi ya huku ninyi mnaisikia redioni. Sasa shamba hana, na kile kibanda cha Laela kimeinama.

Pasaka iliyopita mama alikuja kwa kaka, na mdomo ukamponza. Mke wa kaka, wifi yangu, hajajaliwa mtoto. Mama akauliza mbele ya wageni, hivyo vyumba vyote mnavyochora atalala nani, panya? Wifi aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Kaka alinyamaza, kama alivyonyamaza miaka yote mama alipomsema mkewe. Safari hii, lakini, mama aliondoka bila hata kusindikizwa stendi.

Wiki chache baadaye kaka alikuwa anachora jioni, umeme ukakatika. Betri ya laptop yake ilishakufa zamani, kwa hiyo ikazima hapo hapo. Asubuhi akatoka na pikipiki, lori likamgonga. Tulimzika.

Msiba ulipoisha wifi aliniletea ile laptop. Akasema anataka nyumba ijengwe vile vile mume wake alivyoichora mara ya mwisho, lisiongezwe tofali wala lisipunguzwe. Faili likagoma kufunguka, linasema limeharibika. Nikafungua bakapu, ile nakala ya nyuma ambayo programu inaiweka pembeni kila ukihifadhi kazi. Hiyo ikafunguka. Chumba cha mama kipo, dirisha kubwa la asubuhi lipo, katikati ameandika MAMA. Nililia pale ofisini mpaka mteja akaondoka.

Ningeishia hapo, ningekuwa nalala. Lakini kaka mwenyewe ndiye aliyenikaririsha kwamba usimkabidhi mtu kazi kabla hujatafuta nakala ya karibuni kabisa. Nikachimba humo ndani, nikaipata ile ambayo programu hujihifadhia yenyewe wakati unachora. Ilikuwa ya jioni ile ile. Nikaikarabati, ikafunguka, na chumba cha mama hakimo.

Nikajipa moyo. Faili bovu ukilifufua huwa linapoteza vitu, mstari hapa, maandishi pale. Nikasema basi limemmeza mama. Nikasogeza karibu nione. Mlango umezibwa, ukuta umenyooka, lile dirisha limekuwa kitundu cha hewa, na katikati pameandikwa STOO. Jamani, faili bovu linafuta tu, haliandiki stoo. Nilifunga laptop nikaenda kukaa nje na wauza ndizi.

Tangu siku hiyo nikifumba macho naona kidole chake kinabonyeza hizo herufi nne. Nikiwa peke yangu ofisini nageuka nyuma, nahisi amesimama anaangalia ninachofanya. Naogopa, sifichi. Na kinachonitesa zaidi ni kwamba namjua. Kaka alikuwa anafuta leo akiwa amenuna, kesho akipoa anarudisha. Nimemwona akiwafanyia hivyo wateja wangapi! Sasa kesho yenyewe hakuipata. Je, ile ndiyo ya mwisho kwa sababu aliamua, au kwa sababu umeme ulikatika? Sina wa kumuuliza.

Juzi mama kashuka na basi kutoka Laela, kitanda chake kimefunguliwa mbao mbao na kufungwa kamba. Kasikia mafundi wanachimba msingi wiki ijayo, anataka aone chumba chake. Nikafungua bakapu, ile nyingine moyo ulinikatalia. Nikamwonyesha hapa mlango, mama, hapa dirisha. Akaligusa lile dirisha kwenye kioo cha laptop.

"Kumbe mwanangu alinisamehe," akasema. Akalia kilio ambacho hata msibani hakukilia.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Alisubiri mama atoke kunawa uso, ndipo akanisogelea.

"Wifi, hiyo ndiyo ya mwisho?" akauliza taratibu. "Jioni ile aliniita nikaone kitu kwenye ramani. Nilikuwa nasonga ugali, nikamwambia nitakiona kesho."

Mimi ninakijua hicho kitu alichoitiwa. Miaka yote ya ndoa yao kaka hakuwahi kumtetea mkewe mbele ya mama, hata kwa neno moja. Mara moja tu alimtetea, kwa kuandika stoo, na mkewe mwenyewe hakuja kuona. Nikamwambia faili bado nalihangaikia. Akaitikia haya, lakini macho yake hayakunielewa.

Mama analala kwangu, asubuhi anamwombea kaka kwa sauti, anamshukuru. Wifi anapiga simu kila siku kuulizia ramani. Fundi naye anaisubiri. Wenye busara humu ndani, na hata ninyi wa matusi, niambieni. Kaka nilikuwa naye mmoja, na ramani ya kumpa fundi ni moja. Nimnyang'anye nani?