Sketi Iliyoanguka Keumbu

Jirani yetu Eucabeth alinikuta nikimnyonyesha mwanangu Ian, akaketi bila kukaribishwa.

"Umesikia ya Phanice? Amevua nguo sokoni Keumbu mbele ya baba mkwe wake."

"Uchi kabisa?"

"Mimi sikuwepo. Lakini wote wanasema."

Mimi pia sikuwepo, ila igizo lenyewe nalijua, maana limetoka kwa miguu yetu. Phanice ni mwigizaji, jirani yangu hapa Manga. Zamani tulikuwa maweita pamoja katika hoteli moja mjini Kisii. Wanaume pale huvaa suruali na viatu vya kawaida. Sisi ni sketi ya kubana na viatu vya visigino, hata ukiwa na mimba. Ian nilimbeba hivyo, miguu imefura hadi viatu vinagoma kutoka. Phanice akamuuliza meneja kama trei hubebwa na visigino. Akafutwa siku hiyo hiyo; mimi nikabaki, na bado nipo.

Ndipo akaingia kwenye kundi la maigizo, akaanza kuzunguka masokoni na kisa hicho. Mwenzake Mokua huwa ndiye meneja. Akimfokea, Phanice huangusha sketi, na ndani ana suruali ndefu. Kisha humvika Mokua vile viatu, humpa trei ya soda, humwambia, "Bosi, tabasamu, wageni wanakuona." Watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Lakini wanawake wa mahoteli, wakishacheka, humtafuta kando. Tukakubaliana Jumatatu hii sote tuende kazini na suruali na viatu vya chini.

Siku ile ya Keumbu, mzee Nyabuto, baba mkwe wake, alikuwa amepeleka ndizi huko. Hakujua kuna igizo, naye Phanice hakujua mzee yupo. Sketi ikaanguka wakitazamana. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya: mke wa mwanao humshiki mkono, haingii chumbani mwako, wala hamzungumzi mambo ya mwili. Mzee alijifunika uso kwa kofia, akarudi nyumbani kwa miguu. Ndizi akaziacha palepale.

Suruali hakungoja aione. Na nani amwambie? Phanice hawezi, kutaja tu sketi mbele yake ni kosa la pili. Mumewe Jasper amenyamaza, siku hizi anakula kwa mama yake.

Habari ilifika hotelini kabla yangu. Linda, weita mwenzangu aliyekuwa wa kwanza kuapa kuvaa suruali, alisema, "Hata mimi nina baba mkwe, dada." Wengine wakamfuata, mpaka wale ambao hawajaolewa. Meneja akapita akiuliza nani anataka kuvua.

Jana Phanice alikuja kwangu kwa njia ya nyuma, kupitia migombani. Sijawahi kumwona bila utani. Alimchukua Ian, akamnusa kichwa.

"Wote wamejitoa," nikamwambia.

"Najua. Hata kundi limeniambia nipumzike."

"Na mimi nikifutwa, huyu atakula nini?"

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa amejiuliza hilo kabla yangu. Akanitazama miguu, kisha akanirudishia mtoto.

"Mama Ian, suruali sikuombi. Jumatatu vaa tu viatu vya chini. Hata kama ni wewe peke yako."