Utosi wa Mwalimu

Kwa miaka mitatu nilimdanganya mwalimu mmoja, nikijiambia kwamba ndiyo adabu ya kazi.

Nina saluni ya kiume hapa Mkolani, viti viwili na kioo kirefu. Huyo mwalimu anafundisha hesabu sekondari ya jirani. Kwao ni Bukoba; hapa anaishi peke yake. Nywele zake zilianza kupungua utosini akiwa hajafika miaka thelathini na tano, na mimi ndiye niliyeona kwanza, maana kichwa cha mteja nakitazama kwa juu. Sikusema. Nikimaliza kunyoa nilimwonyesha kisogo kwa kioo kidogo, nikikiinamisha ili utosi usionekane.

"Ziko sawa, Mwalimu," nilikuwa nasema.

Siku moja aliingia akaninyooshea simu kabla hata ya kukaa.

"Kaka, huyu ni nani?"

Ilikuwa picha ya mahafali ya shule, imepigwa kutoka nyuma. Katikati ya vichwa kulikuwa na kimoja chenye duara tupu, ukubwa wa kisahani cha chai.

"Ni wewe, Mwalimu."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Aliondoka bila kunyoa. Nilijua nimempoteza. Lakini baada ya wiki chache alirudi, akakaa, akaanza kueleza kama yuko darasani. Alikuwa amekwenda mjini kwa daktari wa ngozi. Daktari alimwambia huo ni upara wa kurithi, wa baba na baba zake wadogo. Katika matibabu aliyotajiwa, alichagua kofia yenye taa nyekundu za leza, mwanga hafifu usiounguza, unaosaidia mashina ya nywele ambayo bado yako hai. Aivae siku moja, siku moja apumzike, nusu saa kila mara. Daktari hakumficha: huenda miezi ikapita bila kuona kitu, wengine hawapati chochote, na palipokwisha kabisa asitegemee.

"Sasa nataka kila mwezi unipige picha utosini," akasema. "Kiti hikihiki, taa hiihii. Na safari hii usinidanganye."

Mwezi wa kwanza hakukuwa na badiliko. Mwezi wa pili alikuja na leso, akaifungua mapajani. Ndani kulikuwa na nywele.

"Nimeziokota kwenye mto. Zimezidi kukatika, au naota?"

Nilimwangalia utosi kwa muda mrefu. Ningetoa chochote nipate jibu jingine.

"Zimezidi, Mwalimu."

"Basi nyoa zote. Nimechoka."

Niliwasha mashine, nikaishika juu ya kichwa chake, nikaizima.

"Mpigie daktari kwanza. Akisema hakuna kitu, nitanyoa."

Alipiga akiwa kwenye kiti, shuka limefungwa shingoni. Nilisikia anaitikia tu, "Ndiyo... ndiyo, daktari." Kumbe kwa baadhi ya watu wiki za mwanzo nywele hukatika zaidi, kisha hali hutulia. Asiache, na aende akaangaliwe. Alilifungua shuka mwenyewe, akaenda zake na nywele zake.

Mwezi wa tano niliinama nipige picha, kisha nikaishusha simu. Nilimgeuza kuelekea mwanga wa mlangoni. Palipokuwa tupu palikuwa na vinywele laini kama vya mtoto mchanga. Sikuyaamini macho yangu, kwa sababu nilikuwa natamani mno kuviona. Nikamwita kinyozi mwenzangu wa kiti cha pili, ambaye hakujua lolote.

"Hebu tazama hapa. Unaona nini?"

Akapitisha kidole. "Mbona zinaota?"

Mwalimu alicheka hadi machozi yakamtoka, nami nikacheka naye, wateja wakitushangaa.

Duara halikuisha, lakini limepungua sana. Pembeni mwa paji la uso hapakurudi kitu, na hilo alishalikubali. Daktari kamwambia akiacha huenda zikapungua tena, kwa hiyo bado anaivaa kofia yake akirudi nyumbani kutoka shuleni, akisahihisha madaftari huku taa zimewaka kichwani.

Jumamosi iliyopita alikaa kwenye kiti akiwa na shati jipya.

"Juu usipunguze sana," akaniambia. "Wiki ijayo nakwenda Bukoba kujitambulisha ukweni."

Nikaweka kichana namba tatu kwenye mashine, nikaanza pembeni, taratibu.