Kiti cha Mwalimu Veneranda

Nyie mnaoniuliza kila siku kwa nini sipendi habari za ndege, leo naitoa aibu hii yote mara moja, mcheke mmalize, msinichokoze tena.

Asubuhi ile nilitoka Katumba bila mpango wowote (shule niliiacha darasa la tano, tangu hapo miguu ndiyo inayoamua), nikadandia lori la mahindi hadi Mpanda mjini, nikasikia waziri ataondoka alasiri kwa ndege ya serikali, basi nikaenda uwanjani, maana ndege sikuwahi kuiona kwa karibu. Nilivaa suti ya kijivu ya mitumba, ya mikono mifupi, kama ile ya wakubwa, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Dereva mmoja alikuwa na dumu la asali, zawadi ya wananchi kwa waziri, akanitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Wewe ni wa msafara?"

Mtu aliyetoka nyumbani asubuhi bila kujua atalala wapi, si yuko safarini? Nikajibu ndiyo. Akanikabidhi dumu nikaliweke ndani.

Ningeliweka nikashuka, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kiti cha nyuma kilikuwa laini, nikasema nikae kidogo tu nijue wakubwa wanakaaje, na papo hapo wakaanza kupanda, waziri na watu wake, kila mmoja ananisalimia kwa heshima, na mimi naitikia kama mtu wa ofisini. Karani wa safari alikuwa na karatasi ya majina mkononi, lakini badala ya kusoma majina akahesabu vichwa, akasema tumetimia saba, mlango ukafungwa. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwepo. Ila nilitamani mno kuiona Mpanda ikiwa chini yangu, nikanyamaza.

Ndege ilipoanza kutembea nikaona dirishani mama mmoja mwenye kitenge kipya anatoka mbio nyumbani kwa mlinzi, mkoba kwapani, mkono juu, anaupunga kwa nguvu zote. Nikasema moyoni, watu wa Mpanda wana upendo. Na mimi nikampungia, tena kwa mikono miwili.

Tulikuwa juu kitambo waziri alipoinua macho kwenye makaratasi yake, akauliza yule mama mwalimu anaendeleaje huko nyuma. Karani akageuka, akaniona, akarudi kwenye karatasi yake, akaniona tena.

"Wewe ni nani?"

"Nilileta asali, mzee."

Ndipo nikaelezwa, kila mmoja kwa sauti yake. Kiti kile walikuwa wamempa Mwalimu Veneranda, aliyefundisha watoto wa Litapunga mpaka mtoto wa jicho akamziba jicho moja na la pili likawa linafuata. Alikuwa anapelekwa Tabora, kwa madaktari wa macho waliotoka mbali, ambao keshokutwa mchana walikuwa wanafunga kazi na kuondoka. Alikuwa ameingia chooni tu kwa mlinzi. Rubani akasema kurudi haiwezekani, giza litatukuta na uwanja wa Mpanda hauna taa.

Waziri hakufoka, bora angefoka. Alisema polepole, "Kila siku tunasemwa kwamba ndege hii tunabebea ndugu na marafiki. Leo nimempa kiti mwananchi mmoja, mgonjwa, mkamwacha chini. Mmenipakilia mleta asali." Karani akainama, na mimi nikainama zaidi.

Tulipotua Tabora simu ya upepo ikapigwa, mwalimu apandishwe treni ya kesho, aingie keshokutwa asubuhi, saa chache kabla ya madaktari kufunga (na treni ile nyie mnaijua). Waziri akasema niachwe niende zangu, kosa la kuhesabu si langu.

Nje nikamkuta mzee mmoja na baiskeli, amefunga mto kwenye keria, anamuuliza kila anayetoka kama amemwona dada yake, mwalimu wa Mpanda. Ningeweza kupita. Safari hii nilisema, yote, mpaka ile ya kupunga mikono. Akaukaza ule mto kwenye keria, kisha akauliza nitalala wapi. Nikasema sijui.

"Kitanda chake mke wangu ameshakitandika," akasema. "Panda."

Nikapanda juu ya ule mto, mtu mzima na afya zangu, naendeshwa na mzee anayehema. Kwao maji ya kuoga yalikuwa ya moto tayari. Chumbani kulikuwa na shuka nyeupe, imenyooshwa kwa pasi.

"Lala, bwana mdogo. Keshokutwa asubuhi utakuwa stesheni kumpokea dada yangu, na maneno ya kumwambia uyatafute mwenyewe."

Mwalimu aliwahi, kwa saa moja tu, na jicho likafunguliwa, kwa hiyo msinitazame hivyo. Lakini tangu siku ile sikai mahali kabla sijauliza ni pa nani, hata kanisani. Na usiku ule wa kwanza, chumbani mwake, nilianzia palepale: nikatandika mkeka sakafuni, nikajilaza, shuka yake nikaiacha bila kuigusa.