Zimwi la Sanduku la Barafu

Wazungu wana zimwi lao la Krismasi, nasi watoto wa Kinondoni tulijua linakofichwa: ndani ya sanduku la barafu, mwaka mzima, kwa kuwa lilizaliwa kwenye theluji na likipigwa na joto la Dar es Salaam linayeyuka kama samli. Aliyetuambia ni rafiki yangu Hamisi, na mie nilimwamini kuliko mwalimu wa hesabu. Hamisi akaongeza kwamba chakula chake ni vikojozi. Hapo nikajua nimekwisha, maana godoro langu la sufi lilianikwa uani kila asubuhi, na harufu yake, bila kutia chumvi, ilifika Mwananyamala.

Baba alikuwa mpishi wa bwana mmoja aliyetoka nchi ya milima. Mwaka ule bwana huyo na wenzake waliamua kufanya sikukuu ya kwao, na watoto wa mtaani kwetu tukaalikwa kula keki. Alasiri, jua likiwaka, tukasikia kengele za ng'ombe. Yakatoka mazimwi manne nyuma ya nyumba, yamevaa ngozi za mbuzi, pembe ndefu kama minazi, ndimi nyekundu hadi kifuani, na kila moja limebeba tenga mgongoni. Wenzangu walitawanyika kama vifaranga. Hamisi alikwea mpapai. "Kikojozi ni yule pale!" akapiga kelele kutoka juu. "Mwenye kaptula ya kaki!"

Zimwi la nne, fupi kuliko mengine, likanijia likihema na kuchuruzika maji. Nikajua linayeyuka, ila litaniwahi kabla halijaisha. Kwa kukosa la kufanya, nikafanya nililofunzwa mbele ya mkubwa yeyote: nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo, zimwi."

Likasimama. "Marahaba, mwanangu," likaitikia, likanitia keki mbili mkononi, likapita.

Tangu siku ile sikukojoa tena kitandani, na Kinondoni nzima nilikuwa sultani. Wanangu leo hufungua friji bila wasiwasi. Mie hadi naoa nilikuwa nabisha hodi kwanza. Hata siku tuliposherehekea kumaliza kwangu shule ya usiku, mtu mzima na ndevu zangu, niliwaeleza wageni jinsi nilivyolitia adabu zimwi la Ulaya. Mama, aliyekuwa akigawa pilau, akaweka sinia chini.

"Yule alikuwa baba yako," akasema. "Walipungukiwa mtu mmoja. Aliambiwa asitoe neno, lakini shikamoo ya mwanawe angeiachaje?"